Tawi la Nne

Asubuhi ile haikuwa na neno. Juliet, ambaye siku hizi ni jirani yetu hapa Busia, husema kwamba hata ndoto mbaya hakuiota. Waliondoka Nakuru alfajiri na mapema, yeye, mumewe Opendi, na binti yao Akongo wa miezi minane. Walikuwa wakienda Kiyeyi, upande wa Tororo, kwa mama mzazi wa Opendi, Mama Benedeta, ambaye alikuwa hajamtia mjukuu wake machoni. Mtoto alikuwa abatizwe Jumapili. Bibi alikuwa amemtumia soksi za manjano alizozifuma mwenyewe, na Juliet alimvalisha asubuhi hiyo ili bibi azione zikiwa miguuni.

Gari lilikuwa la kuazima, kuukuu, na lilianza ukaidi kabla hata ya Kisumu. Mshale wa joto ulipanda. Opendi akasimama, akakuta mpira wa rejeta umechanika, akaufunga kwa ukanda wa tairi. Kuanzia hapo Juliet hakutulia. Kila mara macho yake yalikuwa kwenye mshale. Lakini njiani watu walikuwa wema, na yeye wema hausahau. Mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi aliwapa maji ya kujaza rejeta, kisha akampepea mtoto kwa kipande cha katoni muda wote Opendi alipokuwa chini ya boneti. Mpakani, watu waliokuwa kwenye foleni walimwona ana mtoto, wakampisha mbele.

Walipovuka wakashika barabara ya vumbi ya kwenda Tororo. Saa kumi alasiri jiwe la Tororo lilikuwa limeshaonekana kwa mbali, juu ya mashamba. Juliet alilitazama akasema moyoni, tumefika. Hapo hapo mpira ukapasuka. Mvuke ukafunika kioo, gari likajikokota hatua chache, likazima.

Kila mtu wa huku anajua la kufanya gari likikwama. Unakata matawi, unaweka mengine mbele na mengine nyuma, barabarani, ili wanaokuja wajue. Opendi akaruka mtaro. Pembeni, peke yake kati ya mahindi, palikuwa na kichaka cha mnyaa. Akavunja matawi manne kwa pupa, utomvu mweupe ukimtiririkia mikononi, akayaweka mawili mbele na mawili nyuma.

Juliet aliona kitu ambacho mumewe hakukiona. Kichaka kile kilikuwa kimezungushiwa mawe, na mawe yale yalikuwa yamepangwa. Kwao Majanji, mnyaa uliozungushiwa mawe namna ile hauoti wenyewe. Hupandwa mahali alipolazwa mtu.

Alitaka kusema. Lakini Akongo alikuwa analia kwa joto, na Opendi alikuwa amekwisha chukua tawi moja la nyuma, anampungia mtu wa bodaboda.

Mwendesha boda aliitwa Otai, kijana mcheshi mwenye koti zito juani.

"Mzee, unachemsha chai?" akauliza, akitazama mvuke.

"Maji ndiyo hayo. Lete sukari," Opendi akajibu.

"Panda, nikupeleke kwenye vibanda. Kuna fundi ana mipira ya kila aina. Na maneno ya kila aina pia."

Opendi akainama dirishani. "Kaa ndani, Mama Akongo. Nusu saa tu."

Akapanda boda, lile tawi bado liko mkononi.

Nusu saa ikapita. Hakuna gari lililokuja, wala baiskeli. Juliet aliufungulia upepo milango, lakini upepo ulikuwa umekoma. Mahindi yalisimama wima, jani halitikisiki. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Kisha akanyamaza ghafla, kama mtu aliyebebwa.

Mwanamke alikuwa amesimama dirishani.

Alikuwa wa makamo, amejitanda lesu iliyopauka. Alikuwa amesimama upande wa jua, hivi kwamba kivuli chake kilimfunika mtoto vizuri, na Juliet akamshukuru kwa hilo kabla ya kujiuliza ametokea wapi.

"Gari imekataa?" mwanamke akauliza kwa sauti ya chini.

"Mpira umepasuka, mama. Baba yake amekwenda kutafuta mwingine."

"Mbaya, kukwama na mtoto. Mimi nilikwama hapa hapa. Tuliweka matawi. Watu walipita tu."

"Pole, mama."

"Zamani." Akatia mkono wa kushoto ndani, akashika mguu wa Akongo kwa upole. "Nani alifuma hii?"

"Bibi yake wa Kiyeyi. Ndiyo tunakwenda kwake."

"Ana mkono mzuri. Na baba yake, ana mkono gani?"

Juliet akacheka kidogo, akidhani ni utani. Mwanamke hakucheka.

"Alivunja nne," akanong'ona. "Mimi nilihesabu."

Akatoa mkono wa kulia chini ya lesu.

Ulikuwa na kidole gumba tu. Vingine vinne vilikuwa vimevunjwa, havikukatwa. Vimevunjwa kama kijiti. Na pale vilipovunjikia hapakutoka damu. Palitoka utomvu mweupe, mzito, tone baada ya tone, ukidondokea mlango wa gari.

"Macho yake ina vumbi," mwanamke akasema. "Wacha nimpanguse."

Juliet alikulia kwenye ua wa mnyaa. Tangu angali mdogo aliambiwa, maziwa ya mti ule yakiingia jichoni, jicho limekwenda. Mkono ule ukaja. Polepole. Kwa huruma. Ukafika juu ya uso wa mtoto. Tone likavimba kwenye ncha.

"Ngoja, mama." Hakujua sauti ilitoka wapi. "Nitakurudishia."

Tone likaanguka kwenye blanketi. Mkono ukasimama.

Juliet akatoka kwa mlango wa upande wa pili, mtoto amembana kifuani. Akaokota matawi mawili ya mbele. Akazunguka. Nyuma akakuta moja. Akavuka mtaro, akapiga magoti kwenye mawe, akachimba udongo kwa vidole. Mnyaa ukichomekwa ardhini hushika, hilo alilijua. Akachomeka la kwanza.

Nyuma ya shingo yake, karibu kabisa, mtu alihesabu. "Moja."

Hakugeuka. Akachomeka la pili.

"Mbili."

La tatu. Kucha zilikuwa zimejaa udongo.

"Tatu."

Mtoto alikuwa anatazama juu ya bega la mama yake. Alikuwa anatabasamu.

"Na ya nne?"

"Anayo mume wangu. Ataileta, mama. Naomba mtoto wangu."

Pumzi baridi ilimpitia sikioni. Ilikuwa na harufu ya majani mabichi.

"Isipoletwa, naifuata. Kiyeyi si mbali."

Kisha upepo ukarudi, mahindi yote yakatikisika kwa pamoja. Juliet alipogeuka hapakuwa na mtu. Akashika miguu ya mtoto kuona kama yuko mzima. Mguu wa kushoto ulikuwa mtupu.

Opendi na Otai walirudi na mpira mpya. Juliet alikuwa amekaa katikati ya barabara, mbali na gari.

"Lile tawi liko wapi?" akauliza.

"Tawi gani? Nililitupa kwenye vibanda."

"Turudi tulichukue."

"Mama Akongo, jua linashuka, na mama anatungoja. Ni tawi tu."

Otai alikuwa akitazama yale mawe, na vile vijiti vitatu vilivyosimama katikati. Utani ulikuwa umemwisha.

"Mzee," akasema, "hizo ulivunja huko?"

Opendi alikuwa ameshainama kwenye rejeta. Otai akaiwasha pikipiki yake, akaenda bila kuaga. Gari lilipotengenezwa liliwaka mara ya kwanza tu, kama halikuwahi kuumwa.

Mama Benedeta aliwapokea kwa machozi. Alimwosha mjukuu, akamwimbia, akaona soksi ni moja akasema nyingine atafuma kesho, Juliet asijisumbue. Juliet akashindwa kujizuia. Chumbani alimweleza mumewe yote, akilia bila sauti ili asimwamshe mama. Opendi alisikiliza mpaka mwisho. Hakumcheka. Alitazama viganja vyake, ambavyo vilikuwa na weupe uliogoma kutoka kwa sabuni, akasema, "Alfajiri nitakwenda kulitafuta."

Na kweli alikwenda. Juliet alisikia lango likifunguka kukiwa bado na giza jepesi, akamlaza mtoto katikati ya kitanda, akatoka kuwasha moto ili mama mkwe apumzike.

Kulipopambazuka Mama Benedeta aliita kutoka uani. "Mama Akongo, umeamka saa ngapi, umekwisha fua?"

Kwenye kamba ilikuwa imeanikwa soksi moja ya manjano. Imefuliwa vizuri, imekamuliwa, haina hata vumbi la safari. Bado ilikuwa inadondosha maji.

"Si mimi, mama," Juliet akasema.

Chini ya kamba kulikuwa na matone mengine, meupe, yaliyoanza kuganda. Akayafuata kwa macho. Yalitoka langoni, yakapita chini ya kamba, yakaenda mpaka dirisha la chumba chao. Kwenye kizingiti cha dirisha palikuwa na alama ya mkono wa mtu aliyeshika ili apande: kidole gumba, na vidole vitatu.

Alitafuta matone ya kurudi langoni. Hayakuwapo.

Akakimbia ndani. Akongo alikuwa ameamka, amelala chali katikati ya kitanda. Hakuwa analia. Alikuwa anacheka, ameunyosha juu ule mguu mtupu, ameutuliza hewani, kama mtoto anayevalishwa soksi.