Waliolazwa Wakisubiri Kazi

Kilazo hufunguka kuanzia miguuni. Kwanza maji ya chumvi yaliyomfunika mtu huchuruzika kwenye mfereji, kisha hewa ya moto hupulizwa nyayoni, ikapanda magotini, ikafika tumboni, na moyo uliokuwa ukipiga kwa nadra hukumbushwa kazi yake kwa mshtuko mdogo wa umeme. Mwishowe kifuniko hunyanyuka na aliyemo hukohoa. Ndivyo alivyoamka Mfaume Nampoto, fundi wa kuchomelea, akiwa chali, uchi kama alivyozaliwa, huku mashine yenye mikono minne ya mpira ikimfuta uso kwa taulo.

"Karibu tena kazini, Bwana Mfaume," ilisema mashine. Wafanyakazi waliiita mwamshi. "Umepumzika vizuri?"

"Leo tarehe ngapi?"

"Tarehe hutolewa baada ya kazi."

"Niambie mwezi tu. Tumeshafunga Ramadhani?"

"Tarehe hutolewa baada ya kazi, Bwana Mfaume. Inua mkono wa kulia."

Akainua. Ungefanyaje? Mwamshi haikasiriki, haichoki, na haina mtu nyuma yake wa kumlilia shida.

Miaka hiyo kazi zote za kueleweka zilikuwa zimeshachukuliwa na roboti: kulima, kupakia mizigo, kujenga, kuchimba. Lakini roboti nazo hukwama, na zinapokwama hukwama kijinga, mahali ambapo hata roboti nyingine haifiki. Hapo ndipo binadamu alipoitwa. Aliitwa kwa siku moja au mbili, mashine ikipona yeye hana kazi tena. Nani angemlisha mpaka ikwame nyingine? Mawakala wa ajira za muda walilipatia jibu swali hilo: alazwe. Akiwa ndani ya kilazo mtu hali, hapangi chumba, hazeeki, na zaidi ya yote hanung'uniki. Alilipwa saa alizokuwa macho tu. Kwenye matangazo yao mawakala waliliita jambo hili huruma, na pengine kweli lilikuwa huruma, ila sijui kwa nani.

Shida ni kwamba mwenye kazi hakuwa mwajiri wako, na mwajiri wako hakuwa na kazi. Ukilalamika kwenye eneo la kazi kwamba kofia yako imepasuka, unaambiwa kamuulize wakala wako. Ukimuuliza wakala, anakwambia hayo ni ya mwenye eneo. Watu walipigwa danadana mpaka wakazoea kunyamaza, na aliyejua kunyamaza ndiye aliyeamshwa mapema. Hata hii ya kufichwa tarehe ilikuja na maelezo yake mazuri. Zamani mfanyakazi aliambiwa tarehe angali anajifuta maji, na wapo waliokaa chini pale pale wasinyanyuke mpaka zamu ikapita. Kwa hiyo wakala akaona ni heri mtu afanye kazi kwanza, aumie baadaye, tena kwa wakati wake mwenyewe.

Mfaume alikuwa na sababu ya kuitaka tarehe. Binti yake wa pekee, Somoe, alikuwa amechumbiwa na kijana mmoja aitwaye Swalehe pale Mtwara. Mahari ilishapokewa, na ndoa ilipangwa Mfungo Mosi, mara tu baada ya Ramadhani. Sasa binti haozwi na mpita njia. Ana walii wake, na walii wa Somoe alikuwa Mfaume, baba aliyemzaa. Maadamu yu hai, hakuna mtu wa kuruka juu yake. Mwezi wa Shaabani ulipoandama akachukua kazi moja tu, ili shughuli isiwe ya aibu, na wakala akamwambia atalala wiki mbili, zikizidi sana tatu.

Somoe hakupenda. "Baba, na wakikusahau humo?"

"Nani asahau mali yake? Nitaamka nikuoze, mama. Nani mwingine wa kukuoza?"

Hayo ndiyo maneno aliyolala nayo, na ndiyo aliyoamka nayo.

Kwenye chumba cha kuvalia alimkuta Serapia, mama wa Songea mwenye mabega mapana ambaye waliwahi kuamshwa pamoja mara mbili, na safari hii walilazwa siku moja, Mfaume akimsimulia habari za harusi. Alikuwa anatetemeka ndani ya ovaroli.

"Kaka, hapa si Mtwara," alisema kwa sauti ya chini. "Baridi hii ni ya huku kwetu juu. Makambako, Njombe, huko huko."

"Tumefikaje?"

"Utafikaje ukiwa umelala? Wametupakia kama magunia ya mahindi."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya kwako. Si uliweka kidole?"

Mfaume alikitazama kidole gumba chake. Kweli aliweka kidole. Maelezo yalikuwa marefu, na nyuma yake kulikuwa na foleni inayosonya.

"Sikiliza," alisema Serapia. "Mimi siku hizi siwaulizi tarehe. Natazama viatu vya maafisa. Viatu haviwezi kuficha mwaka."

Afisa wa wakala aliyekuja kuwachukua aliitwa Bi Luhanga, mwanamke mpole mwenye macho ya mtu aliyezoea kuangalia pembeni. Wote wawili wakainamisha vichwa kama watu wenye adabu, wakatazama miguu yake. Viatu vyake havikuwa na kamba wala zipu. Alipoanza kupanda ngazi vilijikaza vyenyewe kifundoni, na alipofika juu vikalegea.

"Umeona?" Mfaume alinong'ona.

"Nimeona."

"Mwaka tuliolala vilikuwepo?"

"Kaka, twende kazini," alisema Serapia, na hakutania tena siku ile.

Kazi yenyewe ilikuwa ndani ya handaki la treni. Fuko, mashine ya kuchimba miamba yenye urefu wa mabehewa mawili, ilikuwa imemeza jiwe lililobana taya zake, na sasa ilikaa gizani ikitoa sauti ya kukoroma. Ilibidi mtu ajipenyeze kwa tumbo kati ya taya na mwamba, akate kwa moto pini iliyopinda, kisha atoke kabla taya hazijafunga. Kazi hiyo roboti hazikutumwa. Roboti ina bei yake.

Mfaume alijipenyeza. Kwa kawaida alikuwa fundi mtulivu, lakini siku ile mikono ilikuwa na haraka kuliko akili. Kila cheche ilipodondoka alijiuliza kama Ramadhani imekwisha, kama jamvi limeshatandikwa, kama watu wameketi wakiangalia mlangoni. Moto ukamlamba glavu.

"Polepole!" Serapia alimfokea kutoka nyuma, akiwa amemshika miguu ili amvute. "Ukiungua kilazo hakikupokei, na huko nje hawakutaki."

"Sirudi kilazoni. Leo natoka."

"Hata kama Idi imeshapita?"

"Ikipita wataahirisha. Watafanya nini? Hawana walii mwingine."

Alilishikilia neno hilo kama mtu anavyoshikilia kamba kisimani. Dunia ingeweza kubadili viatu vyake ipendavyo, lakini sharti lile lilikuwa halibadiliki: bila yeye, Somoe haolewi. Pini ikakatika, Serapia akavuta, na taya za fuko zikagongana hatua moja mbele ya kofia yake. Jiwe likaporomoka, mashine ikasonga mbele bila hata kugeuka.

Baada ya kuoga walipelekwa kwenye ukumbi mdogo wenye viti vya kukunjwa, simu mezani na milango miwili. Wa kulia ulikwenda nje, wa kushoto ulirudi kwenye vilazo. Bi Luhanga aligusa ukuta na tarehe ikatokea kwa tarakimu kubwa za kijani, halafu yeye mwenyewe akageukia dirisha, maana hakupenda kuona sehemu hii.

Mfaume aliusoma mwaka, akausoma tena. Ramadhani ilikuwa imekuja na kwenda mara sita.

Serapia aliziba mdomo kwa viganja. Alikuwa na watoto watatu, na mdogo alimwacha ananyonya. "Piga wewe kwanza," alisema. "Mimi bado."

Vidole vya Mfaume vilikumbuka namba vyenyewe. Simu iliita mpaka karibu ikatike, kisha ikapokelewa na sauti nzito kidogo kuliko ile aliyoiacha.

"Haloo. Nani mwenzangu?"

"Somoe. Mimi baba."

"Baba gani?"

"Baba yako, mama. Mfaume."

Sauti ikaja kali. "Namba hii mmeipata wapi? Baba yangu ni marehemu. Mwogopeni Mungu nyie watu."

"Una kovu chini ya kidevu. Uji wa moto ulikumwagikia nikiwa nimekupakata, nikamwambia mama yako umeanguka. Tulikubaliana tusiseme, mimi na wewe."

Alisikia pumzi tu, pumzi za mtu aliyekimbia. Mara Somoe akapaza sauti: "Mfaume! Shuka hapo, utaanguka!"

Mfaume alishtuka. Tangu azaliwe, mwanawe hajawahi kumwita kwa jina. "Naam?" alijibu, kama mjinga.

"Si wewe, baba. Namwambia mtoto."

"Mwanao?"

"Mdogo wangu."

Ilimchukua muda kuelewa. Somoe hakuwa na mdogo.

"Tulikutafuta," Somoe alianza kusema haraka haraka. "Wallahi baba tulikutafuta. Swalehe na baba mdogo Chande walikwenda kwa wakala, wakaambiwa kumwamsha mtu bila kazi haiwezekani. Sheikh akasema aliyelala husubiriwa, tukasubiri. Halafu wakala wakauzwa. Hao wapya wakasema hawana mtu wa jina lako, wakaapa mbele ya kadhi. Mwaka wa pili kadhi akahukumu umekufa. Tumekusomea hitima, baba. Mama alikaa eda."

"Na wewe?"

"Swalehe alishachoka kungoja. Nimeolewa na mwingine, mtu mzuri. Baba mdogo ndiye aliyeniozesha."

"Na mama yako?"

Somoe alishusha sauti. "Alipotoka eda wazee walikaa, wakaona asiende mbali na ukoo. Yuko kwa baba mdogo Chande. Huyu mtoto ni wao. Wakampa jina lako, kwa kukukumbuka."

Wivu ulimpanda Mfaume kama homa, na papo hapo akaona haya kwa wivu huo. Chande hakuiba kitu. Chande alipewa mke na wazee, kwa dua na ubani, na mpaka mtoto akampa jina la ndugu yake. Hakuwepo hata mtu mmoja wa kumkasirikia, labda Bi Luhanga, na Bi Luhanga alikuwa anatazama dirishani.

"Baba," Somoe alisema, "kama uko hai, mimi nimeozwa na nani? Na mama je? Yuko hapo uani anaanika mihogo, anacheka na jirani. Nitamwambia nini? Amekaa na nani miaka yote hii?"

"Aliyoyafanya Chande nimeyaridhia. Nimekuoza, mama. Unanisikia? Nimekuoza. Kaa na mumeo kwa amani."

"Na mama?"

La binti angeweza kulisema kwa mdomo, lakini la mke lilihitaji yeye mwenyewe atokee pale uani, na akitokea, mama wa mtoto yule angekuwa nani, na mtoto mwenyewe angekuwa wa nani? Alimwona mkewe akiacha mihogo na kusimama. Hakuona cha kufuata baada ya hapo.

"Baba," Somoe aliita tena, taratibu. "Wanakulaza tena saa ngapi?"

Hakulisema kwa ubaya. Mfaume alimjua mwanawe, na alisikia jinsi lilivyomtoka, na jinsi alivyotamani kulirudisha. Lakini lilikuwa limeshatoka, na wote wawili walilisikia.

"Sasa hivi," alidanganya. "Wananisubiri hapa."

"Basi ukiamka tena nipigie mimi kwanza. Nitakuwa nimeshamwandaa. Mimi, baba, usimpigie yeye."

"Wewe kwanza, mama."

Akaweka simu chini. Serapia alikuwa tayari amesimama kwenye mlango wa kulia, mfuko begani, bado hajapata moyo wa kupiga ya kwake. Pengine aliona ni afadhali aende mwenyewe.

"Kaka, huku," alimwita. "Si umesema leo unatoka? Twende wote mpaka stendi."

Mfaume alitikisa kichwa. Serapia alimtazama, akatazama na simu pale mezani, kisha akafungua mlango na upepo wa baridi ukaingia ukumbini.

Bi Luhanga aligeuka kutoka dirishani. "Unabaki? Vizuri. Nikuandike zamu fupi, kama kawaida yako?"

"Ndefu ipo?"

"Ipo ya miaka kumi," alisema kwa kusita kidogo. "Lakini hiyo tunawapa wasio na watu."

"Niandike hiyo," alisema Mfaume.