Aliyepiga Stata

Saa nne asubuhi, jua limeshakolea, Mwero aliwasili Bodo na boksi lake la spana. Huyu ni fundi wa Kona ya Musa, bingwa wa magari ya kale, na mdomo wake haukosi mzaha. Siku hiyo mzaha ulimkauka. Gari aliloitiwa lilikuwa Pijo la marehemu Abdurahman, aliyefariki miezi miwili nyuma katika barabara ya Kikoneni. Kifua kilimbana njiani, gari likamzimikia, halikuwaka tena. Watu walimkuta ameshakata roho, mikono i usukanini.

"Shikamoo, mama," Mwero alisema mbele ya dirisha la nyumba lililofungwa nusu.

"Marahaba, mwanangu." Alikuwa Twaiba, mjane wa marehemu, bado yumo katika eda. "Mimi ndiye niliyemtuma Kikoneni. Tangu siku ile sipati usingizi. Litazame, uniambie lilikuwa na nini. Ufunguo nitakuletea."

Mwero alijua lilikuwa na nini. Wiki moja kabla ya msiba aliambiwa atie kondensa mpya, akatia kuukuu aliyoing'oa katika gari bovu. Kondensa ya namna hiyo huvumilia gari likiwa baridi. Likipata joto, moto hukatika. Sasa alikuja kuing'oa kabla fundi mwengine hajaiona. Mungu amsamehe, ndiyo nia aliyotoka nayo nyumbani.

Aliinua boneti, akafungua kifuniko cha distributa. Platini zilikuwa zimeungua, nyeusi tititi, dalili ya kondensa mbovu. Mara akasikia mlango wa dereva ukifunguliwa, kisha ukifungwa taratibu. Akajua ni Twaiba ameleta ufunguo. Mwanamke aliye edani hatazamwi na mwanamume wa kando, na Mwero, pamoja na dhambi zake, ni mtu wa adabu. Hakuinua uso. Boneti ilikuwa pazia tosha.

Akauchomoa waya mkuu wa koili, ule ambao bila huo injini haipati moto, akausogeza karibu na chuma aone kama utatoa cheche.

"Piga stata, mama."

Stata ikapiga. Hakuna cheche.

"Tena."

Ikapiga. Hakuna.

Angeweza kuibadilisha kondensa pale pale, akanyamaza. Lakini kimya cha mle garini kilimlemea. Hata pumzi haikusikika.

"Ni mimi," akanong'ona. "Nilitia kondensa kuukuu. Si wewe uliyemponza, mama. Ni mimi."

Stata ikapiga bila kuambiwa. Injini ikawaka.

Waya wa koili bado ulikuwa mkononi mwake.

"Nani amewasha?"

Sauti ilitoka dirishani mwa nyumba. Mkono wa Twaiba ulikuwa umetokeza baina ya vyuma, umeshika ufunguo. "Ndiyo kwanza nauona huu ufunguo. Ulikuwa ukisema na nani?"

Mwero aliogopa. Hakuthubutu kutazama garini. Akamgeukia mjane, akayarudia maneno yale yale, sasa kwa sauti. Alipomaliza, injini ikazimika yenyewe.

Twaiba aliurudisha ndani mkono wenye ufunguo.

"Mimi sasa nitalala," akasema. "Wewe, sijui." Akalifunga dirisha.

Mwero akajikaza, akaufungua mlango wa dereva. Hapakuwa na mtu. Kiti kilikuwa kimelowa chapachapa, kinanuka kafuri. Na kwenye pedali ya klachi ilikuwa imenasa pamba nyeupe, ile wanayozibiwa puani maiti.