Upepo wa Shavu la Kulia

Ngurumo ilitangulia. Ilitoka mahali fulani mbele, nzito, kama pipa tupu linaloviringishwa juu ya mabati, na vioo vya gari dogo la wauguzi vikatetemeka. Kisha theluji ikamwagika kama gunia la unga lililopasuliwa kwa kisu. Barabara ikatoweka.

"Sista," mzee Korane alisema, mikono imekaza usukani, "hapa tunageuza."

Edah alicheka. Alikuwa muuguzi wa kuzunguka majumbani, mwanamke wa mabega mapana, mzaliwa wa Mbita kando ya Ziwa Viktoria. Ngurumo alizijua tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Mchana huo wa Desemba 2008 walikuwa wametoka kumsafisha bibi mmoja kidonda, huko kwenye vilima vya kusini-magharibi mwa Birmingham, na kituo chao cha Selly Oak hakikuwa mbali.

"Weka gari kando, mzee wangu. Hiyo ni mvua ya ziwa imevaa kanzu. Inapiga kelele, inamwaga, inaenda zake. Haimalizi saa."

"Kwetu Garissa korongo likinguruma hungoji kuliona. Unageuza."

"Kwenu Garissa mnakimbia hata umande!"

Korane alikuwa dereva, lakini mkubwa wa zamu alikuwa Edah. Gari likawekwa kando.

Mvua hiyo ya ziwa haikwenda zake. Ilisimama palepale juu yao, ikafukia magurudumu, ikafukia ua wa miiba kando ya njia. Korane alipojaribu kuondoka, gari liliteleza kinyumenyume, likalala ubavu mtaroni. Kitu kikalia ka! Hakikuwa bati. Ulikuwa muundi wa Korane.

Edah alizima injini kabla moshi wa bomba lililozikwa haujarudi ndani. Akapasua suruali ya mzee kwa mkasi, akafunga kidonda, akaufunga mguu kwenye mwavuli wake uwe banzi la kuushikilia mfupa. Vidole vya Korane vilikuwa baridi kama samaki wa sokoni. Alitetemeka, meno yakigongana. Edah alijua maana yake: mtu aliyevunjika hana joto la akiba. Wakibaki humu mpaka usiku, yeye ndiye angekwenda Castle Vale kumwambia Mumina kwamba mumewe hayupo tena.

Watu wa dharura walikuwa wamemjibu wazi: njia zote zimezibwa, subirini. Simu ilibaki na mstari mmoja wa betri. Akautumia kumpigia mdogo wake Alfayo, mwanafunzi wa sayansi ya hali ya hewa.

"Dada! Uko wapi sai?"

"Juu ya Romsley, mtaroni. Mzee kavunjika mguu. Hii kitu inaisha lini?"

"Haiishi. Nilikuambia asubuhi, ukaniita profesa wa mawingu."

"Alfayo, betri!"

"Sikiliza basi. Hiyo si mvua ya kupita. Hewa ya barafu inatoka kaskazini, inavuka Bahari ya Ireland, na maji yana joto kuliko hewa. Inabeba joto na unyevu, inapanda, inakuwa wingu. Watabiri wanauliza maswali mawili tu: bahari imeizidi joto hewa ya juu kwa kiasi gani, na upepo unatoka wapi? Leo pengo la joto ni kubwa, na upepo ni wa kaskazini-magharibi. Unapenya kati ya milima ya Wales na Pennine, unalinyoosha wingu kama kamba mpaka Birmingham. Upepo usipogeuka, kamba haihami."

"Utageuka lini?"

"Usiku sana. Lakini dada, kamba ni nyembamba! Naiona kwenye rada. Uko karibu na ukingo wa kusini. Usifuate upepo, utatembea ndani yake mpaka ufe. Ukate. Upepo ukupige shavu la kulia, na ubaki hapo hapo mpaka..."

Simu ikazima.

Edah alitazama nyuma ya gari. Palikuwa na shuka la nailoni, lile la kuwatelezesha wagonjwa wazito kitandani bila kuvunja mgongo. Akalikunjua juu ya theluji, akamtoa Korane garini, akamfunga kwa mablanketi yote, akapitisha mkanda wa shuka kifuani mwake mwenyewe.

"Unataka kuniburuta kama mzoga wa ngamia?"

"Ngamia ana adabu, halalamiki. Moja, mbili, tatu!"

Shuka likateleza. Edah akavuta. Theluji ilimfika magotini, mkanda ukamkata mabega, pumzi ikamwunguza koo. Alipenya pengo la ua, akaingia uwanda mweupe usio na juu wala chini. Penye ukuta wa mawe upepo ulipotea kabisa, na alipouzunguka ulimpiga kisogoni.

"Umepinda!" Korane alifoka kutoka chini. Alilala chali, kichwa mbele, uso juu. "Upepo ukiwa kulia kwako, kwangu ni kushoto. Sasa unanipiga miguuni! Rudi upande wako wa kulia."

"Wewe sasa ndiye dereva?"

"Nilikuwa dereva tangu asubuhi, sista. Hukunisikia tu."

Edah akageuka kulia. Tangu hapo mzee aliita upande upepo ulikompiga, na yeye akavuta. Kushoto. Kushoto. Sauti hiyo ilipofifia kuwa mnong'ono, Edah alimtukana kwa upendo ili asilale, akamwuliza majina ya mbuzi wa babu yake, mmoja mmoja. Alianguka, akainuka. Akaanguka tena, akavuta akiwa amepiga magoti.

Ndipo goti lake likagusa majani.

Aliinua macho. Jua la machweo lilikuwa jekundu juu ya malisho ya kijani, kana kwamba hakuna lililowahi kutokea. Nyuma yao ukuta mweupe ulisimama wima hadi mbinguni, na ndani yake ngurumo ikaviringika.

Barabarani lori la kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu lilisimama. Mzee wa Kisingasinga akaruka chini, akawasikia wakisemezana, akafungua kinywa na Kiswahili kikatoka.

"Pole, mama! Mimi Pritam, wa Kisumu. Mlingoja iishe, sivyo? Hata mimi, mwaka wangu wa kwanza hapa, nilingoja. Nikasema, mvua ya ziwa hii."

Korane alicheka mpaka machozi yakamtoka. Walimpandisha mbele, penye joto. Rangi ilirudi midomoni mwake polepole, na Edah akaushika mkono wake kuuhisi mshipa. Ulipiga vizuri.

"Haya, Mbita," mzee alinong'ona. "Imeisha mvua yako?"

Edah aliinua kidevu. Hakuwa mtu wa kuinamisha kichwa, na hakukiinamisha.

"Mzee Korane," alisema, kwa sauti ambayo hata Pritam aliisikia juu ya injini, "nakuahidi mbele ya shahidi huyu: siku nyingine ukisema geuza, tutageuza kwanza, ndipo nikubishie."