Shingo ya Tawakali

Jirani yangu wa Miteja, Kazija, alikuwa na mtoto wa miezi minne, Tawakali. Nilipojifungua Yasini wangu, Kazija ndiye aliyenichotea maji siku zote arobaini, bila kuombwa.

Asubuhi moja tulikuwa barazani kwake tukibangua korosho. Tawakali, aliyelazwa mkekani, akageuza kichwa taratibu, kama mtoto anavyomfuata mtu anayepita. Kutoka kwenye mnazi hadi jikoni. Uani hapakuwa na mtu.

"Shoga, anaangalia nini huyu?"

"Kuku," Kazija alicheka. "Mroho kama baba yake."

Kuku walikuwa upande wa pili.

Siku ya tatu tulikuwa ndani, tumekimbia jua. Shingo ya Tawakali ilizunguka na ukuta, dirisha kwa dirisha, kama kuna kitu kinaizunguka nyumba. Kisha ikasimama. Mlangoni.

Kazija alidhani ni mgeni anayeona haya kupiga hodi.

"Karibu ndani," alisema kwa upole.

Pazia halikutikisika. Shingo ya mtoto ikaanza tena. Mlango. Meza. Kitanda. Kisha kidevu kikapanda, kama wafanyavyo wachanga wakiinamiwa na mtu mrefu.

Alasiri hakunyonya. Kesho yake tulimzika. Waliomwosha walishindwa kuilaza ile shingo.

Matangani, Yasini akiwa mapajani mwangu, aligeuza kichwa. Kutoka kitandani hadi mlangoni. Kazija aliona. Pamoja na msiba wake, alinishika mkono.

"Nenda kwenu," alininong'oneza. "Na usimkaribishe usiyemwona."

Nikaja Milola kwa mama. Sikumweleza, ana presha. Kila aliyepiga hodi nilitoka nje mwenyewe kumpokea. Siku sita Yasini alichezea vidole vyake tu.

Leo asubuhi nilikuwa uani nafua. Nikamsikia mama sebuleni.

"Karibu, mwanangu. Mbona umesimama mlangoni?"

Nilikimbia. Mama alikuwa anakuna nazi, peke yake na mtoto.

"Umemkaribisha nani, mama?"

"Sijamwona, macho yenyewe haya. Nimeona Yasini anamwangalia, nikajua tuna mgeni."

Kidevu cha Yasini kilikuwa kinapanda.

Nimemlaza chumbani. Godoro pembeni yake limebonyea, kama mtu amekaa. Nimelisawazisha kwa kiganja. Limebonyea tena.

Sasa ni alasiri. Hajanyonya.