Kidole Kinachojua Dagaa

Nanga alikunywa chai ya chumvi mpaka ikaisha.

Kopo la sukari na kopo la chumvi yalikaa pamoja mezani, yote meupe. Mkewe alikuwa amebandika karatasi zenye majina. Nanga hakuzisoma. Alichota, akakoroga, akaonja, akanywa hivyo hivyo.

"Chai vipi, baba watoto?" mkewe aliuliza. Yeye alikuwa mshonaji, na jicho lake lilikuwa limeona kila kitu.

"Nzuri."

"Nikuongeze?"

"Imenitosha."

Mkewe aliinamia cherehani ili asicheke. Kisha kicheko kikamwisha. Siku hizi mumewe alishika simu mbali, kama anaogopa itamng'ata. Akitaka kupitisha mshipi kwenye tundu la ndoana, alimpa yeye, akisingizia kwamba mikono imelowa.

Walimwita Nanga kwa sababu akishatua kwenye neno lake hang'oki. Vitu vya mbali aliviona vizuri. Baharini aliona mashua kabla ya wenzake. Shida ilikuwa vitu vya karibu, na hiyo hakumwambia mtu.

Asubuhi hiyo alitupa wavu karibu na ufuko, akapata samaki wadogo wa chambo. Aliwatia kwenye ndoo. Kabla hajasukuma mashua, bibi samaki akafika. Ndivyo walivyomwita yule dada wa ofisi ya uvuvi. Alitia mkono ndooni.

"Baba, hawa ni nini?"

"Dagaa."

"Na huyu?"

"Dagaa. Mdogo, anang'aa. Unataka awe nani?"

"Huyu ni changu. Mtoto wa samaki changu. Na huyu. Na huyu pia."

Mvuvi mwenzake, waliyemwita Msumari, alicheka kwenye mashua ya pili. "Nanga! Siku hizi unavua chekechea?"

"Chambo ni chambo," Nanga alisema.

"Siyo, baba," bibi samaki alisema. "Dagaa huyu ni mtu mzima. Hakui tena, na ameshataga. Changu huyu bado anakua, hajataga hata mara moja. Ukimtundika kwenye ndoana leo, kesho utamtafuta changu mkubwa umkose. Nilishakuonya. Nikikukuta tena, leseni yako nitaichukua."

Nanga aliitazama mashua yake. Bila leseni, mashua ingebaki mchangani. Kazi nyingine hakuijua.

Alirudi nyumbani mapema, akakaa akitazama ukuta. Mkewe, aliyekwisha kusikia habari za ufukoni, aliacha kushona.

"Kwani hukuwaona wale changu?"

"Niliwaona."

"Baba watoto. Chai ya leo ilikuwa na chumvi."

Nanga akamgeukia. "Ulijua? Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Nanga akashusha pumzi. "Nikisema sioni, watasema nimezeeka. Nani atapanda mashua na mimi?"

Mkewe alivuta kigoda, akakaa karibu. Akamshika mkono, akaugeuza, akatazama vidole vyake vilivyokauka kwa chumvi ya bahari.

"Hivi vinafunga fundo bila taa," alisema. "Mimi nikishona nguo nyeusi kwa uzi mweusi, macho hayanisaidii. Natafuta mshono kwa kidole. Twende kwa yule dada. Akufundishe samaki kwa mkono."

"Nikamwambie mimi kipofu?"

"Ukamwambie una vidole."

Kesho yake wakaenda wote wawili. Nanga alisema mambo yake yote kwa mkupuo, kama mtu anayemeza dawa chungu.

"Ungeniambia mapema, baba," bibi samaki alisema. "Nilidhani ni ubishi."

"Ubishi nao upo," mkewe akadakia.

Wakacheka, hata Nanga. Bibi samaki akaleta ndoo ya maji yenye samaki wadogo, wazima.

"Lowesha mkono kwanza. Mkono mkavu unawaumiza. Haya, funga macho. Mshike huyu. Pitisha kidole mgongoni polepole, toka mkiani kwenda kichwani."

"Laini. Kuna pezi moja dogo katikati, kama kipande cha kitambaa."

"Sasa tumboni, vivyo hivyo."

"Panakwaruza. Kama msumeno mdogo."

"Huyo ndiye dagaa wetu wa chambo. Mgongo laini, tumbo linakwaruza. Mshike na huyu."

"Aa!" Nanga alivuta mkono.

"Amekuchoma?"

"Ana miiba mgongoni! Tumbo lake laini."

"Huyo ni changu. Si kila mwenye miiba ni changu, lakini huyo si dagaa wako. Usiyemjua, mrudishe hapo hapo, bado mzima. Na usitupe wavu kwenye majani ya bahari. Samaki wachanga wanajificha humo."

"Na samaki wa kuuza?"

"Kata alama kwenye ubao wa mashua, kwa kipimo cha sheria. Nitakuonyesha. Weka pua ya samaki mwanzo wa ubao. Mkia usipofika kwenye alama, mrudishe. Alama hiyo utaihisi kwa kidole. Lakini macho nayo ukapimwe, baba. Kidole kisiwe kisingizio."

Mkewe alimpeleka kwenye kituo cha afya. Akapewa miwani. Nyumbani aliivaa, akasoma karatasi za makopo kwa sauti, mpaka mkewe akamwambia inatosha. Baharini aliiweka mfukoni, maana maji yaliirukia kila saa. Huko alitumia kidole. Mwenye miiba alirudi majini, dagaa alibaki.

Siku moja bibi samaki akaja tena. Nanga alisimama kando ya mashua. Dada yule alipekua ndoo yake mpaka chini.

"Dagaa watupu," alisema. "Hongera, baba."

Akaenda kwa Msumari. Huko alitoa changu wachanga, mmoja baada ya mwingine. Msumari akapewa onyo. Alimtazama Nanga, akingoja kuchekwa mbele ya watu.

Nanga alikuwa na maneno tayari, tena mazuri. Akayameza. Akabeba ndoo yake, akaitua mbele ya Msumari.

"Lowesha mkono," alisema. "Funga macho. Nipe hicho kidole."

Asubuhi iliyofuata, mkewe alikuwa amezungushia uzi mnene kwenye kopo la sukari. Miwani ilikuwa mfukoni mwa Nanga, hakuitoa. Alipapasa makopo, akahisi uzi, akatabasamu, akachota.

"Chai vipi, baba watoto?"

"Tamu."

"Nikuongeze?"

Nanga akasogeza kikombe. "Ongeza, mke wangu."