Jina Alilompa Dobi

Haya yalimkuta Twaha, fundi magari anayekaa nyuma ya kwetu hapa Ngara, na si mtu wa kutunga. Twaha ni mvivu hata wa kusema uongo, kwani uongo una kazi ya kuukumbuka. Alinisimulia mara moja tu, tumekaa barazani kwetu baada ya swala ya alasiri, na alipomaliza akaniomba nisimuulize tena. Sijamuuliza.

Ilikuwa mwaka wa tisini na mbili, wakati wa masika. Bosi wake mwenye malori alimtuma Kigali, ambako lori moja lilikuwa limekufa gia boksi huko Gikondo na shehena iko juu. Kazi ya siku mbili, bosi alisema. Kazi ya siku mbili kinywani mwa bosi ni ya wiki mbili mikononi mwa fundi, na Twaha alilijua hilo alipokuwa akipanda gari.

Nyumbani alimwacha mkewe, Swafiya, na hapa lazima nieleze jambo, maana bila hilo hakuna kisa. Swafiya alikuwa kwanza mke wa Zuberi, kaka yake Twaha, dereva, mtu mrefu mwenye maneno ya kuvuta vuta, aliyeshika kila kitu kwa mkono wa kushoto mpaka mama yao akachoka kumchapa. Zuberi alifia barabarani, kwenye mteremko wa kwenda Rusumo. Mjane akakaa eda, akakaa na miaka miwili mingine ya kimya, kisha wazee wakamwoza kwa Twaha. Twaha alikuwa akimpenda tangu zamani, mapenzi ya kujionea haya. Swafiya alimpikia, akamheshimu, hakumkosea hata siku moja. Ila hakuwahi kucheka naye.

Asubuhi ile ya safari, kwa mara ya kwanza, alimsindikiza hadi barabarani. Akamrekebisha kola ya koti, akasema, "Wahi kurudi. Nyumba inakuwa kubwa."

Basi Twaha alikwenda Kigali na maneno hayo matano, na kila usiku aliyatoa akayatazama. Hakutaka kitu kingine duniani ila kumaliza kazi arudi kwa mwanamke aliyeanza kumtaka.

Kazi haikuisha. Kipuri kilichokuja hakikuwa chenyewe, cha pili kikakwama forodhani, na mvua ikawa inanyesha kila mchana. Vizuizi vya askari vilikuwa kila njia kwa sababu ya vita vya kaskazini, na mgeni alitoa karatasi zake mpaka zikachakaa pembeni. Siku ya nne springi ilimrukia ikamchana kiganja cha kulia. Alifungwa bendeji, akaambiwa asiloweshe. Ovaroli zake mbili zilikuwa zimeganda grisi, mashati yananuka dizeli, na ndani ya chumba namba nane cha gesti ya Mzee Gasana pale Biryogo alikuwa amebaki na kanzu na koti alivyotunza kwa safari ya kurudi. Alikuwa amechoka uchovu ule ambao hata kuvua viatu mtu hupanga siku.

Ikabidi atafute dobi. Mjini kulikuwa na hoteli iliyopokea nguo za watu wa nje, lakini alipowafikishia ovaroli walizitazama kama amewaletea mzoga. Karibu na gesti palikuwa na Épiphanie, aliyefua vizuri ila akaanika kichochoroni juu ya majiko ya mishikaki, ukarudishiwa shati lenye harufu ya mbuzi. Gasana, mzee mwenye kofia ya darizi asiyependa maneno mengi, akamshauri amngoje Spès wa Nyakabanda. Huyo huja mlangoni mwenyewe kuchukua, akarudisha mwenyewe zimepigwa pasi, na kwa miaka sita hajapoteza kifungo cha mtu. Kwa fundi mwenye mkono mmoja na miguu iliyogoma, kufuatwa mlangoni ilikuwa bahati. Akamchagua Spès.

Alikuja asubuhi, mama mfupi wa makamo, rozari shingoni, viganja vimepauka kwa sabuni. Alizihesabu nguo, akazifunga kwenye shuka, akauliza jina.

Hapo ndipo Twaha alipokosea, na kosa lenyewe ni letu sote, watu wa barabara hii. Madereva na mafundi wa huku hufundishana kwamba ugenini jasho lako na jina lako visishikwe na mkono mmoja. Nguo ina jasho. Ukimpa mtu usiyemjua nguo yako na jina lako, umejikabidhi mzima mzima, akitaka kukuroga hana cha kutafuta tena. Kwa hiyo kila mmoja humpa dobi jina la bandia. Wapo waliojiita Pilato, wapo waliojiita kwa jina la bosi, makusudi. Twaha alikuwa amechoka hata kubuni. Jina lililomjia lilikuwa moja, na akaliona lina akili, maana aliyekufa harogwi.

"Zuberi," akasema.

Spès akalirudia polepole, akiangalia furushi na si yeye. "Sawa. Mimi siandike. Nikirudi naita jina hapa uani, katikati ya rugo. Mwenye jina anaitika, namupa nguo yake. Ni vile nafanyaka."

Siku ya tatu Twaha alirudi kutoka gereji akakuta nguo kitandani. Ovaroli zilikuwa safi, mashati yamekunjwa, na mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo aliokuwa nao mfukoni. Alidhani Gasana ana ufunguo wa akiba. Gasana akasema wa akiba ulipotea zamani, na yeye siku nzima alikuwa msikitini na dukani. Twaha akaona labda aliacha wazi asubuhi. Mtu aliyechoka huamini haraka, akalala.

Spès alipokuja kuchukua mzigo wa pili, alimsalimu kwa kumshangaa kidogo. Akamuuliza kama ndugu yake ametoka.

Twaha akauliza ndugu gani. Yeye akaeleza bila wasiwasi, kama anayeeleza njia: juzi aliita Zuberi mara moja tu, mlango wa namba nane ukafunguliwa, mwanamume mrefu akapokea mzigo. Alicheka naye vizuri, akamwambia pasi yake imenyooka. Twaha, kwa maneno yake, alikuwa ndiye yule mdogo mtu aliyempa nguo.

"Alipokea na mukono gani?" Twaha alijikuta anauliza, naye hajui amekuwaje akasema kama watu wa kule.

Spès akafikiri. "Wa kushoto. Nikasema huyu hawakumufundisha."

Twaha alitaka kumnyang'anya furushi. Hakufanya hivyo, na hilo ndilo linalomuuma hadi leo. Alijiambia kuna mpangaji mwingine mrefu, kuna makosa, kuna homa ya kile kidonda. Alimruhusu aende nalo. Lakini aliapa kwamba safari hii atakuwepo, na jina likiitwa ataitika yeye.

Siku ya kurudishwa nguo hakwenda gereji. Kipuri kilikuwa kimefika, na angefunga gia siku hiyohiyo akaondoka kesho yake. Alikaa kitandani tangu adhuhuri, mlango ameukaza komeo kwa ndani, kanzu na koti vinaning'inia kwenye msumari nyuma yake. Mvua ilikatika. Jua la saa tisa likaingia dirishani, jua zuri la mchana mweupe. Nje wake za watu walikuwa wakichambua maharage. Hofu ikaanza kumtoka, akajicheka.

Akasikia viatu vya Spès uani.

Akafungua kinywa kujiandaa.

"Zuberi," Spès akaita.

"Naam," sauti ikaitika.

Haikutoka kinywani mwa Twaha. Ilitoka nyuma yake. Karibu na msumari. Ilivuta lile neno taratibu, kama mtu aliyeamshwa kutoka usingizi mtamu.

Twaha aliijua. Mtu haisahau sauti ya kaka yake.

Hakugeuka. Anasema shingo ilikataa. Kitanda kikainuka kidogo upande mmoja, vile kinavyoinuka mtu akiondoka. Hakikuwa kimelala kwa uzito wake peke yake. Hakujua mzigo ule ulikuwepo tangu lini.

Komeo likasogea. Mlango ukafunguka.

Spès alisimama mlangoni na furushi kichwani. Hakumtazama Twaha. Alitazama juu zaidi, pale ambapo uso wa mtu mrefu ungekuwa. Akatabasamu. Akashusha furushi, akalinyoosha mbele, akaliachia. Furushi halikuanguka.

"Yego," Spès akasema, akiitikia jambo ambalo Twaha hakulisikia. "Yego, nitamwambia."

Mlango ukajifunga.

Nguvu zilipomrudia, chumba kilikuwa kitupu. Furushi halikuwemo. Msumarini hapakuwa na kanzu, hapakuwa na koti. Alitoka mbio bila viatu, akawapita wanawake wa maharage, akamkuta Spès njia ya Nyakabanda, anatembea mwendo wake wa kawaida.

Akamshika mkono. Hakuwa na pumzi ya kupiga kelele. Alimuuliza yule mtu amesema nini.

Spès alimtazama sana, na kwa mara ya kwanza akaonekana kuelewa kwamba kuna neno. "Amesema kazi yangu ni nzuri. Amesema hatanipa zingine, anarudi kwa bibi yake, yule alioa. Na wewe nikuambie usiharakishe, kazi yako bado."

Twaha akamwomba alirudishe lile jina. Akamwambia alimdanganya, kwamba jina lake ni Twaha mwana wa Idi, aliseme sasa hivi, aliite hapohapo barabarani. Spès akaupapasa msalaba wa rozari yake. Hakuwa mchawi, Twaha alilisisitiza hilo mara mbili tatu. Alikuwa mama wa watu, mfua nguo, na alikuwa na huruma.

"Jina siyo yangu, papa," akamwambia kwa sauti ya chini. "Ni wewe ulimupa. Mimi niliita tu."

Jioni ile hapakuwa na njia ya kutoka mjini, vizuizi vilikuwa vimefungwa. Alipanda gari la kwanza la asubuhi na ovaroli ya gereji mwilini, gia boksi ameiacha chini kwenye turubai, na bosi aseme atakalo. Njia nzima alirudia yale maneno matano ya Swafiya. Yalikuwa yamepungua ladha. Kule Rusumo askari wa uhamiaji alishika karatasi yake muda mrefu, akasoma jina la baba yake, akauliza kwa uvivu kama wako ndugu wawili safarini. Twaha alisema yuko peke yake. Yule akagonga muhuri, akamrudishia bila kumtazama tena.

Alifika nyumbani alasiri. Mlango ulikuwa wazi, uwanja umefagiwa. Kutoka njiani alisikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia ndani ya nyumba ile tangu awe mume wake. Swafiya alikuwa anacheka.

Alikuwa peke yake uani, ameinamia karai, anasuuza kanzu. Alikuwa amejipaka wanja. Alipoinua macho, kicheko hakikukatika ghafla kama cha mtu aliyefumaniwa. Kilitulia tu, kikawa adabu. Akajifuta mikono, akaivuta kanga yake mpaka kwenye nyusi, jinsi mwanamke anavyojistiri anapoingiwa na mwanamume asiye wake.

"Karibu, shemeji," akasema.

Twaha alisimama na mfuko wake mkononi. Akasema jina lake. Akasema, Swafiya, ni mimi. Yeye akainamisha macho kwa heshima, akamwomba asiongee kwa nguvu, kwa kuwa mwenye nyumba alifika usiku, amechoka na safari, ameswali, sasa amepumzika.

Twaha aliingia chumbani. Hakuna mtu. Dirisha lilikuwa limefungwa, kitanda kimetandikwa, kimya cha nyumba mchana. Sakafuni mswala ulikuwa umetandazwa kuelekea kibla. Akapiga magoti karibu nao. Pale pa miguu palikuwa na alama mbili za maji ya udhu, ndefu kuliko nyayo zake. Pale pa paji la uso palikuwa pamelowa. Akapagusa kwa mkono ule wenye bendeji. Palikuwa na joto.

Alikaa hapohapo chini. Anasema hakuogopa tena wakati ule. Alihisi uchovu tu, na wivu, na akaona haya kumwonea wivu marehemu.

Kivuli cha Swafiya kikaanguka kizingitini. Hakuingia. Alimtengea maji ya kunywa pale nje, juu ya kigoda cha wageni, akauliza kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka kujua apike kiasi gani:

"Shemeji, utakaa siku ngapi?"