Bibi Harusi wa Pingu

Adow alirudi kutoka soko la ngamia baada ya Asri, akanusa mlangoni, akatabasamu kama kijana. "Mama Hinda, leo umeniwashia uunsi mapema hivi?"

Shamso, mkewe, akainamisha kichwa. Garissa nzima inajua mke akifukiza uunsi chumbani anamwita nani. Ila yeye hakuwasha. Chetezo kilikuwa baridi, na nyuma ya ule ubani palinuka kutu.

Alijua harufu hiyo imetoka wapi. Wiki iliyopita chama chao cha akina mama kilikwenda upande wa Wajir kutazama jela ya mkoloni iliyogeuzwa makumbusho. Mzee Nunow, mwenye kuwatembeza, aliwaonyesha viboko, kitanzi na pingu za miguu. "Aliyefungwa hizi alikamatwa ngamia wa mahari wameshapelekwa. Akanyongwa hajaoa. Msiguse, akina mama."

Mzee alipotoka kupokea simu, Shamso, mama mzima mwenye wajukuu, alizivaa. Akatembea kwa madaha, chaka-chaka, kama mwali mwenye vikuku. Fowsiya, mwenzake wa chama ambaye mdomo wake haujui likizo, akajifanya kadhi: "Abaayo, dada yangu, umemkubali marehemu?"

"Nimemkubali!"

Vigelegele vikapigwa hadi kuta zikaitikia. Bismillahi hakuna aliyeikumbuka.

Tangu hapo, kila alasiri kabla Adow hajarudi, ubani ulizidi na kutu ikazidi, na uani, jua likiwa bado kali, mbuzi waliolala kivulini waliinuka wote wakasogea kando kama wanaompisha mtu, na ile chaka-chaka ikapita mbele yao pole pole, ikafika mlangoni, ikasimama hapo kama mgeni anayeona haya kubisha.

Adow alipoona alama nyekundu kwenye vifundo vya miguu ya mkewe, alimwita Sheikh Abdihafid. Sheikh akasoma, akasikiliza.

"Huyu anasema ana haki humu ndani. Mwanangu, nani alimpa?"

"Nilizigusa tu, sheikh."

"Hukutamka neno?"

Shamso akamtazama mumewe, aliyeinua mikono juu akimwombea dua. Atamwambiaje kwamba ameolewa juu yake, tena kwa kicheko? Jikoni, Fowsiya aliyekuja kupika chai alikuwa amekaa kimya, mara ya kwanza tangu azaliwe.

"Wallahi, nilizigusa tu."

Sheikh alimaliza kisomo, akanyunyiza maji pembe zote. Nyumba ikatulia. Akiwa anavaa makubazi, akamnong'oneza Shamso peke yake: "Mimi nafukuza wageni. Mwenye nyumba simuwezi."

Kesho yake Adow alikwenda sokoni moyo umemtulia. Asri ilipopita, mbuzi wakainuka. Chaka-chaka ikaja mpaka mlangoni, na safari hii haikusimama. Ikaingia, ikampita Shamso aliyejifunika uso kwa mtandio, ikaenda moja kwa moja chumbani, kitanda kikalia kwa uzito, kisha pingu zikaanguka sakafuni, moja, halafu ya pili, kama mume anavyovua viatu akishafika kwake.